Tope la Chini ya Ndoo

Kaka yangu ni mtu wa kusubiri. Ukimpa chai anaiacha mpaka inaota ngozi, na ukimuuliza swali anakutazama kwanza hadi unajuta kuuliza. Mimi ni kinyume chake kabisa. Mimi ni fundi cherehani, na mteja akichelewa kuja kupimwa nakata kwa macho. Nguo ikimbana, shauri lake. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema tumbo lake lilizaa jiwe kwanza, halafu likazaa cheche. Jiwe ndiye kaka.

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuteka maji, na si ya kunywa. Ofisi ya maji ilimwajiri ateke maji ya mto kwenye vituo saba, kuanzia chini ya mgodi wa zamani mpaka kwenye bwawa ambalo mji wetu unapata maji yake. Anayatia kwenye chupa, anaandika lebo, anayapeleka maabara yakapimwe. Mgodi wenyewe ulifungwa sisi tukiwa bado vijana. Walichimba mawe yenye mionzi, wakachukua walichokuwa wanakitaka, wakatuachia mlima wa kifusi wa rangi ya majivu. Mvua ikinyesha, mlima ule unalowa, na kinachotoka humo kinateremka mtoni. Ndiyo maana kila Jumatatu kaka alivaa mabuti, akabeba ndoo yake na kreti la chupa, akapanda gari la ofisi. Mtaa mzima ulimwita Bwana Ndoo. Hakukasirika. Alisema afadhali Bwana Ndoo kuliko Bibi Mdomo, na alisema hivyo huku ananitazama mimi.

Sasa ngoja nieleze alivyokuwa akifanya, maana balaa lote limetoka hapo. Kaka hakuitumbukiza chupa mtoni. Aliteka kwa ndoo, akaiweka kivulini, akakaa akasubiri. Udongo ukishuka chini na maji ya juu yakawa meupe, hapo ndipo alipojaza chupa, taratibu, asitibue. Kilichobaki chini ya ndoo alikimwaga majanini. Alifundishwa na mzee aliyeifanya kazi hiyo kabla yake, na yule mzee alifundishwa na usumbufu tu. Maabara walikuwa wakirudisha chupa zenye tope na kikaratasi cha mstari mmoja: zinaziba mashine. Chupa ikirudi, mtu anakwenda tena mtoni kutwa nzima, na gari lenyewe la kusukuma. Basi wakajifunza kuyaacha maji yatulie. Kwani si ndivyo tunavyofanya sote? Bomba likitoa maji ya rangi, unayaacha kwenye ndoo, asubuhi unachota ya juu. Haikuandikwa kwenye kitabu chochote cha kazi, na katika miaka kumi na tisa hakuna mkubwa hata mmoja aliyeuliza, "Bwana Ndoo, hebu tuonyeshe unavyoteka."

Majibu yalikuja mazuri mwezi kwa mwezi. Kaka aliyabandika mwenyewe kwenye ubao nje ya ofisi, anasawazisha karatasi kwa kiganja, anarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Alikuwa na fahari nayo. Watu walikunywa maji yale kwa sababu ya karatasi ile, na yeye alilijua hilo.

Kisha bwawa likajaa tope. Miaka sita sasa. Ofisi ikaleta mashine, ikalizoa, ikalirundika ukingoni, halafu ikatangaza kwamba anayelitaka achukue bure. Lo, tope lile! Laini, halina hata kokoto moja, unalifinyanga linakaa unavyotaka. Wakati huo nilikuwa nimechoka kupanga nyumba za watu. Hata hivyo sikukurupuka, msinione mjinga. Nilimwendea kaka nikamuuliza, "Kaka, tope la bwawani lina neno?" Akakaa nalo siku mbili, kama kawaida yake. Siku ya tatu akaja kwangu akasema, "Maji yake nayapima mimi kila wiki na ni safi. Tope lake litakuwa na nini?"

Nikajenga. Matofali ya tope lile, lipu ya tope lile, sakafu tukaishindilia kwa tope lile mpaka ikang'aa. Chumba cha mbele cha cherehani, na vyumba viwili vya kulala. Na mtaa ukanifuata. Watu hawakuwa na haja ya kusoma karatasi za ubaoni; walisema, dada wa Bwana Ndoo amejenga, nani atajua zaidi ya Bwana Ndoo? Jirani yangu Mama Pacha, mwenye mabinti wawili pacha na mdomo unaokaribia wangu, alijenga vyumba vitatu kwa mpigo. Tulisaidiana kubeba. Tulicheka mpaka mbavu zikauma siku alipotumbukia kwenye shimo la tope na kutoka amebakiwa na macho tu.

Binti yangu anafanya kazi mji mwingine, na mwanawe ameniachia mimi. Tunamwita Chiriku kwa sababu akiamka tu amefungua redio, haizimwi mpaka alale. Kaka ni mjane asiye na mtoto, na Chiriku ndiye mtu pekee duniani ambaye swali lake analijibu papo hapo. Mtoto alikuwa akilala chumba cha nyuma. Kuna baridi upande ule, kwa hiyo dirisha nililifunga nikaziba na nyufa kwa vitambaa. Vizuri sana, kwa mikono yangu mwenyewe.

Mwaka wa mwisho wa kaka kabla ya kustaafu, maabara ililetewa mkemia mpya. Binti mdogo tu, miwani mikubwa, viatu vya kwendea ofisini. Akasema anataka kwenda mtoni na kaka. Hakuna mkemia aliyewahi kutaka hivyo. Kaka alinisimulia safari ile mara moja tu, na mimi naisimulia kama alivyoisimulia. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, mto umekuja mwekundu. Kaka akateka, akaweka ndoo chini, akasubiri, akajaza chupa. Alipoinamisha ndoo kumwaga kilichobaki, yule binti akapiga kelele.

"Mzee, simama! Unamwaga nini?"

"Tope."

"Unalimwaga kila siku?"

"Tangu nilipoanza kazi."

Kaka anasema binti alikaa chini palepale majanini na sketi yake safi. Kisha akamweleza bila kumkaripia, na ndicho kilichomuumiza kaka zaidi. Akamwambia sumu ya kifusi kile haielei yenyewe majini. Nyingi inajishikiza kwenye chembe za udongo, zile laini kabisa, inasafiri nazo kama abiria. Mto ukienda mbio, chembe zinakwenda. Mto ukipunguza mwendo, chembe zinashuka, na abiria wanashuka nazo.

"Sasa niambie, mzee," akamuuliza, "mto wenu unapunguzia mwendo wapi?"

"Bwawani," kaka akasema.

Walikausha tope la ndoo siku ile, wakalisogezea kipimo cha mionzi, kile kinacholia. Karibu na chupa ya maji meupe kipimo kilisema neno moja moja. Karibu na tope kikaropoka. Binti akaongeza kwamba hata maji yenyewe hayako salama daima, maana wakati wa joto kali maji ya chini ya bwawa yakikosa hewa, tope huachia sehemu ya kile lilichokishika na kukirudisha majini. Lakini kaka hakuwa akisikiliza tena mambo ya maji. Alikuwa anafikiria nyumba yangu.

Walikuja wote wawili mchana wa siku ya pili. Kaka hakuingia mara moja, alisimama mlangoni kama mgeni. Binti akaweka kipimo chake sakafuni, kikaanza kulia taf-taf-taf, na Chiriku akacheka, akadhani ni mdudu kafungiwa ndani. Wakatega vikopo vidogo vyeusi chumba cha nyuma, wakaviacha siku kadhaa, wakavichukua. Majibu aliyaleta kaka peke yake. Tope lile, akasema, linatoa gesi. Haina rangi, haina harufu. Chumba kikiwa wazi inapeperuka, kikifungwa inajaa, na mtu akiivuta miaka kwa miaka inamla mapafu.

"Chumba cha nyuma ni mara kumi ya kiwango," akasema.

Mnataka kujua nilifanya nini? Nilimfukuza. Nilimwambia aondoke kwangu na vikopo vyake. Nilimwambia miaka mitano tumelala humu na hakuna aliyekohoa, nilimwambia huyo mtoto wa miwani anatafuta cheo, nilimwambia maneno mengine ambayo hata mimi yananitia haya. Yeye akasubiri nimalize. Kisha akasema, "Wiki ijayo kuna mkutano wa ofisi na wananchi. Nitasimama niseme."

Hapo hasira ikaniisha, ikabaki hofu. "Kaka, utasema nini? Watabomoa. Nitakwenda wapi mimi?"

"Kwangu."

"Kwako kuna kitanda kimoja na mabuti!"

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu."

"Mimi nimeshazaa, nina mpaka mjukuu! Methali zako kawape walio na nyumba mbili."

Hakucheka. Nikamshika mkono, mimi ambaye simshiki mtu mkono, nikambembeleza. Amebakiza miezi mitatu astaafu, nikamwambia. Anyamaze miezi mitatu tu, halafu aseme yule binti, maana ndiye msomi. Kaka akasema binti amepewa uhamisho tangu jana. Amekabidhi funguo za maabara, anasubiri gari. "Nimebaki mimi," akasema. "Na aliyemwaga ni mimi, si yeye."

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana, ukumbi wa shule. Mkuu wa ofisi ya maji alikuja na faili nene, akatusomea majibu ya mwaka baada ya mwaka, safi, safi, safi, mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Kaka akanyanyua mkono. Alikuwa amevaa shati nililomshonea mwenyewe kwa harusi ya binti yangu, kola imeanza kuchakaa.

"Majibu hayo ni ya maji niliyoyachuja kwa kusubiri," akasema. "Tope nililimwaga. Sumu imo kwenye tope. Tope limo kwenye nyumba zenu. Sikujua, lakini ni mikono yangu. Naomba zipimwe nyumba zote."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Halafu ukumbi ukalipuka. Huyu anasema nyumba yake haiuziki tena, yule anasema matofali yamechomwa moto sumu gani itabaki, mwingine anauliza tukalale juu ya miti? Mkuu akainua mikono yote miwili, akatabasamu kwa huruma ya uongo ambayo ningeikata kwa mkasi.

"Jamani, mzee wetu amefanya kazi ngumu miaka mingi. Amechoka. Tumwombee apumzike vizuri. Kama kuna hatari hiyo, mbona dada yake wa damu anaishi humo humo?"

Vichwa vikageuka. Mama Pacha, aliyekuwa safu ya mbele yangu, akasimama kabisa ili anione vizuri. Hakuwa na ubaya. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka aambiwe ukweli ili ajue afanye nini.

"Jirani, wewe hujawahi kutuficha kitu," akasema. "Kaka yako aliipima nyumba yako au hakuipima?"

Nilikuwa na vyumba vitatu duniani. Nilikuwa na cherehani mbele ya dirisha, na kibao nilichokiandika rangi mwenyewe. Nilimtazama kaka, naye alikuwa ananitazama kwa utulivu, anasubiri, hana wasiwasi hata kidogo. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Hakuwa na wasiwasi.

"Hakupima," nikasema.

Watu wakacheka. Si kwa ukatili, walicheka kama mtu aliyetua mzigo. Mmoja akasema Bwana Ndoo amejaa, anahitaji kumwagwa, na wakacheka tena. Kaka akaketi. Hakunipinga. Angeweza kusema tu, dada yangu anaogopa, na nusu ya ukumbi ingemwamini. Alikunja mikono, akaketi.

Kuanzia siku hiyo wakamwita Bwana Tope. Ofisi ikamwambia abaki nyumbani miezi yake mitatu iliyosalia, na ndoo akakabidhiwa kijana mwingine, ambaye naye nasikia anaacha maji yatulie. Na mimi? Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu ilinifikisha mpaka mlangoni pangu tu. Niliingia nikamkuta Chiriku amelala usingizi wa mchana kwenye chumba cha nyuma, kinywa wazi, kifua kinapanda na kushuka, na dirisha limefungwa na vitambaa vyangu. Nikasimama pale nahesabu pumzi za mtoto wa watu. Nililibomoa lile dirisha kwa mkasi na kucha. Kabla wiki haijaisha nilikuwa nimehamia kwa kaka na mtoto na cherehani. Majirani walipouliza, niliwaambia kaka anajisikia vibaya, anahitaji mtu wa kumpikia. Wakanisifu. Wakasema dada kama huyu ni bahati.

Kaka alitupokea. Alikuwa amekwishapasua ubao akatengeneza kitanda cha pili kabla hatujafika. Hakusema neno kuhusu mkutano siku ile, wala siku iliyofuata, wala baadaye. Angenitukana ningepata pa kushika. Mimi kwenye matusi ni mwenyeji. Alimwacha Chiriku amwulize maswali yake, akayajibu, na mimi nikazungusha gurudumu la cherehani nikijifanya sisikii chochote. Asubuhi nilikuwa nikipita mtaani kwetu kupeleka nguo, nampungia mkono Mama Pacha, naye ananiuliza hali ya mgonjwa. Namwambia anaendelea vizuri.

Wiki iliyopita Mama Pacha alikuja mwenyewe. Alikuja na binti yake mmoja wa wale pacha, tumbo mbele, ameshika kiuno. Kaka alikuwa uani anamkata Chiriku kucha. Nikawapa viti. Mama Pacha akazunguka kidogo, bei ya mkaa, mvua, miguu yake inayovimba, halafu akafika.

"Jirani, nimekuja na ombi. Huyu mwanangu na mumewe wamebanana kwangu, na mtoto yuko njiani. Nyumba yako imekaa tupu, na nyumba tupu inaliwa na mchwa. Nipe ufunguo wakae humo mpaka wajipange. Hasa kile chumba cha nyuma. Naona hakina upepo, kitamfaa kichanga."

Ufunguo ulikuwa kwenye droo ya cherehani, karibu na goti langu. Uani sauti ya mkasi wa kucha ikanyamaza. Sikugeuka kumtazama kaka. Nilimtazama yule binti, ambaye alikuwa ananitabasamia kwa adabu, kama tunavyomtabasamia mtu mzima anayetaka kutufanyia hisani.

"Alipima," nikasema.

"Nani?"

"Kaka. Alipima nyumba yangu. Yeye na yule mkemia. Chumba cha nyuma ni mara kumi ya kiwango. Nilijua siku ile uliponiuliza. Nilisimama mbele yako nikasema hakupima, na nilijua."

Mama Pacha hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, mdomo wake naujua. Alimgeukia binti yake kwanza, akamwangalia tumbo, kisha akarudisha macho kwangu.

"Tope langu na lako ni la rundo moja," akasema.

"Ni moja."

"Tulibeba pamoja."

"Tulibeba pamoja, dada."

Kaka akaingia kutoka uani, Chiriku kamning'inia mkononi. Akamwamkia binti, akavuta kiti akaketi karibu na Mama Pacha, akasema kwa sauti yake ile ile ya siku zote kwamba namba ya mkemia anayo, vikopo atatuma akiambiwa, na kwa sasa wafungue madirisha yote, mchana na usiku, na binti asirudi kulala mle, atalala hapa. Mama Pacha alikuwa akiitika kwa kichwa, lakini hakumtazama. Alikuwa anahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, mwanzo polepole, halafu akarudia kuhakikisha.

"Na wewe ulihama wiki ile ile ya mkutano," akaniambia.

"Wiki ile ile."

"Miezi saba unanipungia mkono."

"Ndiyo," nikamjibu.